Jina la nani liko kwenye kadi ya nyumba yenu?

HEBU nikuulize, ndugu msomaji. Chumba unacholala leo, nani alikilalia kabla yako? Na kabla yake, alikuwamo nani? Ukitakiwa leo hii utoe karatasi ya nyumba mnayoishi, unajua sanduku la kufungua?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ninajua. Nililelewa katika nyumba ya baraza la jiji, mtaa wa Ofafa Jericho, vyumba viwili na jikoni. Babu alipewa ufunguo wake mwaka 1964 alipokuwa karani katika bohari moja huko Viwandani. Alipostaafu mwaka 1978 alirudi Maragoli kulima, akamwachia ufunguo baba mkubwa. Baba mkubwa naye alipopata nyumba yake Umoja mwaka 1985, ufunguo ukaja kwa baba na mama. Hakuna aliyeandika lolote. Mambo ya nyumbani, nani huyaandika?

Baba alifariki mwaka 2016. Wiki moja baada ya mazishi, Jumamosi asubuhi, binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alibisha mlango. Alikuwa na bahasha ya khaki. Alikunywa chai, akauliza hali, kisha akaitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa kadi ya nyumba.

"Mama mdogo," alimwambia mama, "sikuja kukufukuza. Nimekuja tu ujue kwamba kadi iko kwetu."

Mama hakumjibu. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa Kimbo wa kilo mbili. Alipoufungua tuliona risiti za kodi, zimefungwa kwa mpira mwaka baada ya mwaka, tangu 1985. Miaka 31. Aliumwaga mkebe juu ya meza.

Sote tuliinama kusoma. Kadi ilikuwa na jina la babu. Risiti nazo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa na jina la babu. Babu amelala Maragoli tangu 1991.

Nitakueleza baadaye jinsi siku ile ilivyokwisha. Kwanza nataka tutembee pamoja katika mitaa ya Eastlands, kwa maana nilipoanza kuuliza, niligundua kwamba kisa chetu ni kisa cha nyumba nyingi sana upande huu wa jiji. Nyumba za huku zimepita mikono mingi. Wenye kuzijenga, wenye kuzilipia na wenye kuandikwa kwenye karatasi si watu wale wale.

NYUMBA BILA HATI

Tuanze Majengo, Pumwani, kwa sababu ndiko Mwafrika wa Nairobi aliporuhusiwa kujijengea nyumba katika mji ambao serikali ilikuwa imeupanga yenyewe.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Haikuchukua muda, vijiji vya Waafrika vikachipuka kando ya mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na Kileleshwa. Humo walikaa wapagazi, askari waliostaafu, wachuuzi, mafundi, na wanawake waliokuja mjini kutafuta maisha. Serikali ya kikoloni iliwaona wote hao kama wapita njia. Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi, akimaliza arudi kwao. Ndiyo maana alitembea na kipande shingoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji hivyo vilianza kuvunjwa na Pumwani ikapimwa. Wakuu wa mji waligawa ploti, na wenye ploti wakajijengea wenyewe. Ardhi ilibaki kuwa ya mji. Mwenye nyumba alilipia ploti yake, lakini hakuwa na hatimiliki. Kuta zilikuwa zake, udongo uliozibeba haukuwa wake.

Nyumba zenyewe zilifuata mtindo wa Kiswahili uliotoka pwani. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na uani nyuma kwa kupikia na kufulia. Kuta ni za miti na udongo, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, na baadaye mabati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Huko ndiko watu kutoka kila pembe ya Kenya, Tanganyika na Uganda walikojifunza kuishi chini ya paa moja na kusalimiana kwa Kiswahili.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home kilichotolewa mwaka 1990, alikusanya simulizi za wanawake wazee wa Pumwani. Baadhi yao walikuwa wamefanya ukahaba enzi hizo, wakaweka akiba shilingi kwa shilingi, na fedha hizo wakajengea nyumba. Tusiwahukumu upesi. Katika mji uliomnyima mwanamke kazi ya mshahara, nyumba ya vyumba sita ndiyo iliyokuwa pensheni yake.

Swali lilikuja alipokufa. Wengi walikuwa wamesilimu na kukata mguu vijijini kwao. Baadhi hawakuzaa. Waliwalea wasichana wa mjini wakawaita binti zao, na hao ndio waliotaka waachiwe nyumba. Fikiria basi siku ya matanga: upande huu amesimama ndugu wa damu aliyetoka mashambani, hajawahi kuleta hata kibaba cha mahindi. Upande ule yuko binti wa kulea aliyemwogesha marehemu na kumlisha uji hadi siku ya mwisho. Nyumba ni ya nani?

Wazee wa Majengo walijua dawa ya jambo hilo. Ni kutamka mbele ya mashahidi, mapema, ukiwa na akili timamu, ni nani atakayebaki na nini. Aliyenyamaza aliacha ugomvi.

Kijiji cha Pangani kilidumu kuliko vingine, hadi kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba walihamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na mji. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo lilitokana na kauli waliyoambiwa watu wa Pangani: kuhama ni shauri ya moyo wako. Lakini tazama walichopoteza. Pangani mtu alikuwa na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, ambayo angeweza kumwachia amtakaye. Shauri Moyo alipata kuta imara zaidi, lakini mwenye nyumba sasa alikuwa mji.

UFUNGUO WA BARAZA

Hadi wakati huo, mji ulipowajengea Waafrika ulikuwa ukimfikiria mwanamume asiye na familia. Tazama landhi za reli kule Muthurwa: chumba kimoja, wanaume kadhaa, jiko la makaa mlangoni. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha.

Kaloleni ilileta mawazo mapya. Ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba ndogo za mawe na vigae zikizungukwa na nyasi na miti, na katikati ukumbi wa jamii. Ulikuwa mtaa uliokusudiwa mtu na mkewe na watoto wao. Wazee wa huko hupenda kusimulia kwamba wafungwa wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliozijenga.

Ukumbi huo wa Kaloleni umo katika historia ya nchi hii. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na wenzao wa jamii ya Wahindi, Makhan Singh alisimama humo na kutoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hazikupita wiki nne akakamatwa pamoja na Fred Kubai, na Nairobi ikaingia katika mgomo mkubwa. Ukiishi Kaloleni leo, basi mlangoni pako pengine walipita watu waliokuwa wakitoka kusikiliza hoja ile.

Halafu ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Majina ya mitaa yetu mengine yanatoka katika siku hizo za damu. Mbotela imepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa Novemba 1952. Baba yake ndiye James Juma Mbotela, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Ofafa nayo ni jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Watoto wetu hutaja majina hayo kila siku wanapomwita makanga awashushe, wasijue kwamba wanawataja marehemu.

Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yalilizingira jiji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini. Fikiria chumba kilichoachwa siku hiyo: sufuria jikoni, koti msumarini, kitanda hakijatandikwa. Baada ya muda kikapata mpangaji mwingine. Aliyerudi kutoka Manyani au Mackinnon Road alikuta mlango wake unafunguliwa na mtu asiyemfahamu. Hakuwa na karatasi ya kumdai mtu yeyote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ufunguo wa nyumba ya baraza ulikuwa kitu cha thamani. Kodi ilikuwa ndogo, nyumba ilikuwa karibu na kazi, na shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliyeupata hakuuachia. Alipostaafu alimpa mwanawe, naye akampa ndugu yake, kama ilivyofanyika kwetu. Jina kwenye kadi halikubadilishwa. Watoto walipozidi, kibanda cha mabati kiliongezwa ubavuni, kikapangishwa kwa mtu baki, na mpangaji naye akawa mwenye nyumba.

Kwa njia hiyo familia nyingi za Eastlands zimeingia kizazi cha tatu na cha nne katika nyumba ambayo si yao. Zimezaa humo, zimeoza humo, zimeweka matanga humo. Wakisema "kwetu" wanamaanisha hapo. Lakini mpangaji, hata akae miaka sitini, haachi nyumba kama mwenye ploti anavyoacha ploti. Anachoacha ni mazoea tu, nayo mazoea hayana mhuri.

Somo la Muthurwa linatosha. Nyumba zile za reli zilipita mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji walitakiwa kuhama, wengine wao wakiwa wastaafu wa reli hiyo hiyo. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, na kwamba watu hawatolewi nyumbani kama takataka. Lazima kuwe na mpango wenye utu. Ulikuwa ushindi mkubwa, na mawakili huutaja hadi leo. Hata hivyo mahakama haikuwafanya wapangaji kuwa wenye nyumba.

Baraza la jiji lenyewe liliondoka mwaka 2013 na nyumba zake zikawa chini ya serikali ya kaunti. Tangu hapo mipango ya kubomoa nyumba kuukuu na kujenga maghorofa imekuwa ikitajwa mtaa baada ya mtaa. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya wakazi wa Makongeni, mtaa mwingine wa reli, kuambiwa wapishe nyumba za bei nafuu. Popote jambo hilo linapofika, swali la kwanza huwa moja: nani anatambuliwa kuwa mpangaji wa nyumba hii? Mwenye kujibu kwa karatasi husikilizwa mapema kuliko mwenye kujibu kwa machozi.

BURUBURU: NYUMBA YA MKOPO

Sasa vuka Barabara ya Jogoo uingie Buruburu. Pengine unasema moyoni, "Hayo ni ya watu wa kupanga. Sisi tuna hati." Ngoja kidogo.

Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, ikaendelea kwa awamu tano hadi miaka ya 1980. Fedha zilitoka kwa shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation pamoja na Serikali, na wanunuzi walipata mikopo kupitia Housing Finance, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1965. Walioingia walikuwa vijana wa wakati ule: walimu, makarani wa benki, wauguzi, maafisa wa serikali, wengi wao waliolelewa Kaloleni, Bahati na Shauri Moyo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Eastlands alinunua nyumba yenye ngazi ndani, ua mbele na mahali pa kuegesha gari.

Nyumba hizo sasa zina umri wa mtu mzima mwenye wajukuu. Ukipita leo utaona ua uligeuka duka la dawa, saluni au shule ya chekechea. Penye nyumba moja pamesimama ghorofa. Na hapa na pale utasoma maandishi ya rangi nyekundu ukutani: nyumba hii haiuzwi. Ukiyaona hayo, jua kuna familia ndani haielewani, au kuna tapeli aliyekwisha kujaribu.

Mkosi wa nyumba za mkopo huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni jina. Katika miaka ile mkopo ulitolewa kwa mwenye mshahara, na mara nyingi jina lililoandikwa ni la mume peke yake, hata pale mke alipokuwa akinunua chakula na kulipa karo ili mshahara wa mume uende kwenye mkopo. Wa pili ni rehani. Watu walilipa miaka kumi na mitano au ishirini, wakapata barua ya pongezi, wakasherehekea kwa mbuzi. Lakini rehani isipoondolewa rasmi katika daftari la ardhi, nyumba huendelea kuonekana kama inadaiwa. Mtoto anagundua hilo baba akiwa ameshakufa na aliyeshughulikia mkopo ameshastaafu.

Upande wa Dandora kulikuwa na njia ya tatu. Mradi ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa ploti 6,000 zenye maji na choo, mwenye ploti ajijengee mwenyewe polepole. Wengi walijenga. Wengine waliishiwa wakauza kwa makaratasi ya kienyeji, sahihi mbili na shahidi mmoja. Aliyenunua akamuuzia mwingine. Leo anayeishi humo anaweza kuwa mwenyeji wa nne, na jina lililo ofisini bado ni la wa kwanza.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema wazi kwamba hakuna ruhusa ya kushika, kuuza wala kugawa mali ya marehemu kabla ya kibali cha mahakama. Hata ukiwa kifungua mimba. Kufanya hivyo ni kosa la jinai. Maombi ya kibali hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wakapewa siku 30 kupinga, na kwa kawaida kibali huthibitishwa baada ya miezi sita.

Marehemu akiacha mke na watoto bila wasia, mjane ana haki ya kukaa na kunufaika na mali hiyo maishani mwake. Haruhusiwi kuiuza nyumba apendavyo, kwa kuwa watoto nao wana fungu lao. Na watoto nao hawaruhusiwi kumtoa. Binti na mwana wako sawa. Kuolewa hakumwondoi binti katika mirathi ya babake. Waislamu, kama wengi wa wenyeji wa Majengo, hufuata sheria yao, na mashauri yao husikizwa na mahakama ya kadhi.

Tangu 2012 sheria za ardhi zimeweka kinga nyingine. Rehani juu ya nyumba ya ndoa si halali bila sahihi ya mwenzi wa ndoa, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kama umeolewa na hujawahi kuulizwa, sasa unajua.

Na wale wanaotaka kujua nyumba imeandikwa nani, mfumo wa Ardhisasa ulioanzishwa Aprili 2021 uliianza kazi yake Nairobi. Zamani ilikuwa lazima kupanga foleni Ardhi House tangu alfajiri.

ANDIKENI HISTORIA YA NYUMBA YENU

Nilichojifunza ni kwamba kujua historia ya nyumba ni sehemu ya ulinzi wake. Si kazi ya mabingwa. Mtaiweza nyinyi wenyewe, hasa vijana mlio likizoni. Chukueni daftari la kurasa 48 mfanye hivi.

Kwanza, andikeni majina ya wote walioishika nyumba hiyo, mmoja baada ya mwingine, na mwaka aliingia na mwaka aliotoka. Waulizeni wazee wangali wanakumbuka. Majirani wa zamani nao wanajua mengi. Pale kwetu jirani mmoja alikumbuka hata rangi ya kabati tulilohamia nalo.

Pili, andikeni nani alilipa nini. Nani alilipa kodi au mkopo, nani aliweka mabati mapya, nani aliongeza chumba. Msimsahau mama kwa sababu tu risiti haina jina lake.

Tatu, kusanyeni karatasi zote mahali pamoja: kadi, risiti, barua ya kugawiwa, mkataba, hati, vyeti vya vifo na vya ndoa. Zipigeni nakala, na nakala zikae nyumba nyingine.

Nne, linganisheni jina lililo kwenye karatasi na mtu anayeishi ndani. Kama hayalingani, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Nendeni kwenye ofisi inayohusika mkiwa pamoja, si mmoja akimzunguka mwenzake.

Tano, mwenye nyumba aandike wasia angali hai. Kuandika wasia hakumwiti malaika wa mauti. Wale bibi wa Majengo hawakujua kusoma, lakini waliita mashahidi.

SIKU ILE MEZANI

Sasa nirudi kwa mama na binamu yangu. Nilitarajia vita. Mama alichukua kadi ya babu, akaiweka katikati ya lundo la risiti, akamtazama binamu yangu.

"Mwanangu," alisema, "wewe ulizaliwa katika nyumba hii, mwaka 1980. Nilikuja kumsaidia mama yako, nikakuogesha kwa beseni pale jikoni. Mimi nimezeekea humu. Lakini soma vizuri hizi karatasi. Wewe humo, na mimi simo."

Binamu yangu alikaa kimya. Kisha akaanza kuzikusanya zile risiti, akizipanga upya kwa miaka, 1985, 1986, 1987. Alipofika mwisho alisema hakujua kwamba ni nyingi hivyo. Kwao waliambiwa tu kwamba nyumba ya babu ni yao na sisi tumeazimwa. Kwetu tuliambiwa kwamba wao walituachia moja kwa moja. Ndugu wawili waliofariki walikuwa wamepeana ufunguo kwa maneno, na kila mmoja akawaachia watoto wake maneno yake.

Wiki mbili baadaye tuliketi wote, pamoja na shangazi zetu wawili, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote kuhusu nyumba ya baba yao. Tuliandika majina yote kwenye daftari, kuanzia babu na nyanya. Nyanya ndiye aliyepanda mparachichi ulio nyuma ya jikoni, na jina lake halikuwa limeandikwa popote. Tukaandika barua moja, tukatia sahihi sote, kwamba mama ndiye mpangaji na aombewe kadi kwa jina lake, na kwamba likitokea lolote kuhusu nyumba hiyo, hakuna atakayetia sahihi bila wenzake kujua. Sahihi ya kwanza chini ya barua ilikuwa ya binamu yangu.

Nyumba bado si yetu. Barua hiyo haikuifanya kuwa yetu. Lakini likija swali la nani anaishi humo na kwa haki gani, tuna jibu moja, si mawili, na mama halali akiwaza mlango utabishwa na nani.

Leo ni Jumapili, pengine mko nyumbani wote. Baada ya chakula, kabla vijana hawajatoka, uliza: jina la nani liko kwenye karatasi ya nyumba hii? Usingoje matanga yakuulizie.